Kijino cha Nne

“Unaniibia rangi, daktari!”

“Mama, rangi haiibiwi.”

“Inaibiwa! Mimi nauza vitenge mwaka wa kumi na tisa huu, utanifundisha wewe rangi inavyoibiwa? Nimekuambia nataka hiki cha mwanzo. Hiki hapa, cheupe! Wewe unaning'ang'aniza hiki cha nne, cha rangi ya uji uliolala.”

“Hiki si cha uji. Ni cha maziwa.”

“Maziwa ya ng'ombe gani? Mgonjwa?”

Wazazi wangu, na ninyi vijana wenzangu mliokaa kule nyuma karibu na mlango, tuwaache hawa wawili wagombane kidogo, niwaambie ni akina nani.

Kulikuwa na mama mmoja katika mji ulio chini ya mlima, upande ule ambao maji ya visima yana madini yanayoharibu meno. Mnaujua upande ule. Mtoto anaota meno ya utoto vizuri tu, lakini yale ya ukubwani yakitoka yanakuja na madoa ya kahawia, kama kikombe kilichonywewa chai miaka kumi bila kuoshwa. Kosa si lake. Anapiga mswaki asubuhi na jioni, na bado akisafiri kwenda mji mwingine akacheka, watu wanajua ametoka wapi kabla hajataja jina lake.

Mama huyu alikuwa ameshajifunza kucheka kwa pua. Furaha ikimzidi alivuta pindo la kitenge akaziba mdomo. Katika picha zote za ujana wake amefunga midomo kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. Sasa binti yake alikuwa anaolewa mwezi wa Desemba, na binti alimwambia kwenye simu, “Mama, safari hii nataka picha unacheka.” Mama akakata simu. Halafu akaenda kwa daktari wa meno.

Daktari alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mtu wa maneno machache. Katika mji ule wote ni yeye peke yake aliyeweza kazi ile ya kubandika maganda ya kauri. Ni maganda membamba kama ganda la yai, yanabandikwa juu ya jino upande wa mbele, doa linafunikwa kabisa. Watu walitoka vijijini kwenda kwake wakiwa wameziba midomo kwa kanga, wakarudi wanaimba.

Lakini mama yetu aliingia pale na jicho la sokoni. Nataka mlielewe jicho hilo, maana habari nzima imesimama hapo.

Kibanda chake cha vitenge kilikuwa kimeezekwa turubai jekundu. Unadhani ni kwa bahati? Chini ya turubai jekundu kitenge kilichopauka kinaonekana kimekolea. Mteja akisema, “Ngoja nikakiangalie juani,” mama alicheka kwa pua, akasema, “Juani utakiunguza, mwanangu.” Jora zuri zaidi alilificha chini ya meza kwa ajili ya wake za wakubwa. Na mteja akishachagua, akainama kutafuta pochi yake, mkono wa mama ulikwenda haraka kuliko nzi: kile kitenge kizuri kinarudi rafuni, kinakunjwa kingine kilichokosewa chapa pembeni. Mteja anaondoka anashukuru. Mama hakuita hilo wizi. Aliita ujanja wa soko.

Sasa mtu wa namna hiyo akiketi kwenye kiti cha daktari, ataona nini?

Daktari alimfunika kwanza kitambaa cha kijivu kutoka shingoni hadi magotini, kikaficha kitenge chake kipya cha njano na zambarau. Mama akasema moyoni, “Haa! Ananifanya nionekane maskini, ili nione haya kudai.” Daktari akamwomba afute rangi ya mdomo. “Ananivua silaha moja moja huyu.” Daktari akazima ile taa kubwa ya juu ya kiti, akamsogeza dirishani ilikokuwa ikiingia nuru ya saa nne asubuhi. “Anazima taa? Mtu mwema anazima taa?” Daktari akamwambia alowanishe meno kwa ulimi. Mama akalowanisha, huku amekunja uso.

Halafu daktari akatoa kipande cha chuma kilichopangwa vijino kumi na sita vya kauri, vya mfano, kuanzia kilicho cheupe kama chaki hadi kilicho na rangi ya udongo. Akavisogeza karibu na mdomo wa mama, akatazama mara moja tu, kama mtu anayechungulia chungu jikoni, kisha akageuza uso. Kulikuwa na kitambaa cha buluu kimetundikwa ukutani. Alikitazama kile kitambaa, akarudi, akatazama jino mara moja tena, akageuza uso tena.

Hapo ndipo mama alipoumia kweli. “Hawezi hata kunitazama,” alijisemea. “Meno yangu yanamtia kichefuchefu.”

Ndugu zangu, kumbe kila jambo lilikuwa na sababu yake. Kitenge cha njano kinatia njano kwenye jino, ndiyo maana alikifunika. Mdomo mwekundu unamdanganya mtazamaji. Taa ya umeme ina rangi yake, haiwezi kushindana na nuru ya Mungu. Jino lililokauka linajifanya jeupe kuliko lilivyo. Na jicho, hili jicho letu, ukilikaza mahali pamoja kwa muda mrefu linachoka, likichoka linaanza kuona linachotaka. Kwa hiyo daktari hukazia kidogo tu, kisha hulipumzisha jicho kwenye buluu. Hakuwa anakimbia meno ya mama. Alikuwa anayaheshimu.

Lakini mama aliuliza? Hakuuliza. Mtu mwenye shaka haulizi, anasubiri tu kukamata.

Basi daktari akachagua kijino cha nne, ndipo ukaanza ule ugomvi tuliouacha. Mama akapandisha sauti, daktari akashusha yake. Mwisho akampa mama kioo cha mkononi.

“Tazama weupe wa jicho lako,” alisema. “Hapo pembeni. Umeona ulivyo?”

“Nimeuona.”

“Huo ndio mpaka. Jino likiwa jeupe kuliko jicho, watu wataongea na jino, hawataongea na wewe. Na meno ya chini hatuyagusi leo, lazima ya juu yapatane nayo. Hiki cha nne kitakaa mdomoni mwako kama ulizaliwa nacho.”

“Na hiki cha kwanza unamwekea nani?”

“Simwekei mtu.”

“Wake za wakubwa wakija unawapa cha ngapi?”

Daktari akacheka. “Mmoja nilimpa cha saba.”

Mama hakuamini hata neno moja. Angeaminije? Yeye mwenyewe alikuwa na jora chini ya meza. Lakini picha ya binti ilimvuta, akafunga mdomo, akasema, “Haya, fanya unavyojua,” kwa sauti ile ambayo mwanamke akiisema mumewe anajua kuna vita jioni.

Daktari akafanya kazi yake. Akayakwangua meno sita ya juu kidogo sana, akachukua chapa yake kwa ule udongo laini unaogandia mdomoni, akamvika vifuniko vya muda. Baadaye akatayarisha kisanduku. Maana maganda yenyewe yalitengenezwa na fundi aliyekaa mji wa mbali, na hawa wawili, daktari na fundi, walikuwa na utaratibu wao wa miaka mingi. Hawakuaminiana kwa namba za rangi zilizoandikwa, wala kwa picha ya simu, kwa kuwa kila simu ina rangi zake. Daktari alichomoa kile kijino chenyewe kwenye chuma, akakizungushia pamba, akakilaza ndani ya kisanduku pamoja na chapa. Fundi angekiweka mbele yake mezani, atengeneze maganda ya kufanana nacho, kisha akirudishe. Kijino ndicho kilichokuwa neno la daktari kwa fundi.

Daktari alikuwa hajafunga kisanduku aliposikika mtu analia nje kwenye benchi, shavu limemvimba. Daktari akainuka.

“Kaa tu, mama, usihangaike,” alisema. “Nakuachia chumba. Sichelewi.”

Akatoka. Hakufunga kabati, hakufunika kisanduku, hakugeuka nyuma.

Mama akajisemea, “Anakwenda kumpigia fundi wake simu, wanicheke.” Akanyoosha shingo kumtazama mlangoni. Daktari alikuwa amepiga magoti mbele ya mgonjwa, anamshika taya. Mama akatazama kisanduku. Akatazama kile chuma chenye vijino, pale mezani, na pengo moja mahali pa cha nne.

Mnakumbuka ule mkono uliokuwa unakwenda haraka kuliko nzi?

Ulikwenda. Ukachomoa kijino cha kwanza, kile cheupe kama chaki, ukakiingiza ndani ya pamba. Kijino cha nne kikaingia kwenye pindo la kitenge chake kipya, kikafungwa fundo. Daktari aliporudi, mama alikuwa ameketi mikono mapajani kama aliyetoka kusali.

“Hujachoka, mama?”

“Sijachoka, daktari.”

Daktari akafunga kisanduku, akakipeleka kwenye basi la mizigo.

Wiki mbili zikapita. Mama akarudi siku aliyoambiwa. Kisanduku kilikuwa mezani, daktari ameketi mbele yake. Maganda sita yalikuwa yamepangwa juu ya kitambaa, yanang'aa kama sahani mpya. Pembeni yake kijino cheupe, fundi amekirudisha kama ilivyo desturi.

“Mama,” daktari alisema, “nimekukosea.”

Mama akakaa tayari. Aliwaza, “Ameshajua. Ananitegea. Anataka niseme mwenyewe.”

“Wiki hizi mbili nimekitafuta hiki kijino cha kwanza, nikadhani kimeanguka. Kumbe nilikituma. Nadhani siku ile nilichomoa viwili, nikafunga kisichotakiwa, na cha nne nikakiangusha. Hebu nisaidie, pengine kimeingia chini ya kiti.”

Mzee akapiga magoti. Akaingiza mkono chini ya kiti, chini ya kabati, akavuta vumbi na kipande cha pamba kikuukuu. Na mama, wazazi wangu, mama naye aliinama akatafuta! Alikuwa amevaa kitenge kilekile cha njano na zambarau. Kila alipoinama, lile fundo kwenye pindo liligusa sakafu, likalia, ti.

“Umesikia kitu?” daktari aliuliza.

“Sijasikia.”

Wakainuka. Daktari akaenda dirishani, akaziba jicho la kulia kwa kiganja, akatazama nje. Akaziba la kushoto.

“Nina mwaka sasa,” alisema, “jioni naona kama kuna ukungu. Nikajiambia, siku nitakayokosea rangi ya mgonjwa, hapo nitaweka vyombo chini. Kumbe siku yenyewe ilishapita na sikujua.”

Hapo, ndugu zangu. Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa. Ilitosha mama afungue fundo. Kwa nini hakufungua? Msiniambie alikuwa na roho mbaya, hakuwa nayo. Alikuwa bado anamshuku! Alimtazama yule mzee aliyeziba jicho, akasema moyoni, “Anaigiza huyu. Anataka nimwonee huruma, nikubali yale ya uji.” Alimkazia macho, akamkazia, akamkazia, na kadiri alivyomkazia ndivyo alivyoona zaidi kile alichokitaka.

“Nitaagiza mengine,” daktari alisema. “Subiri wiki mbili tena.”

“Harusi ni Jumamosi ijayo. Nibandikie hayahaya.”

“Hayatakufaa, mama.”

“Nibandikie.”

“Nakuuliza mara ya mwisho. Ukisema ndiyo, nitabandika.”

“Ndiyo.”

Akabandika. Na mama alipoondoka daktari hakumsindikiza kama alivyowasindikiza wengine. Alikuwa bado anatazama sakafu.

Harusi ikafika. Mama akacheka, tena akacheka kwa mdomo wote, kwa mara ya kwanza tangu ujana wake. Picha ikapigwa. Binti akaitazama ile picha muda mrefu, akasema, “Umependeza, mama,” kwa sauti ndogo. Maana kwenye picha ile wamesimama watu thelathini, lakini ukiitazama unaona meno sita. Bibi harusi huoni. Mama mwenyewe huoni, unaona meno yamekuja harusini yamembeba mtu.

Mama yake mzazi, bibi kizee mwenye meno yale yale ya kahawia ya maji yetu, alimshika kidevu, akamgeuzageuza. “Mwanangu,” alisema, “zamani ulikuwa unanitazama kwa macho. Siku hizi unanitazama kwa meno.”

Na sokoni? Sokoni ndiko kulikokuwa na mambo. Wateja waliosimama mbele ya kibanda walitazama meno, wakatazama kitenge, wakatazama meno tena. Kisha wakasema, “Ngoja nikakiangalie juani.” Mama alisema, “Juani utakiunguza,” lakini hawakusikia tena. Walikipeleka juani. Mmoja alikirudisha akamwambia mwenzake waziwazi, “Kama amebadili meno, atashindwa kubadili kitenge?” Mama akajifanya anakunja majora. Sasa alijua inavyokuwa kutazamwa na jicho lisilopumzika.

Mwezi ukaisha, ikafika siku yake ya kwenda kukaguliwa. Akafika kwa daktari, akakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Kwenye benchi ameketi dada mmoja, mgeni, ametoka kijijini usiku, miguu ina vumbi. Aliongea huku ameziba mdomo kwa kanga.

“Shikamoo, mama. Hayupo. Wanasema ameacha kazi.”

“Ameumwa?”

“Haumwi. Alikwenda hadi kwa wa macho, akapimwa kwa mashine, akaambiwa unaona vizuri tu, ukungu wa jioni ni wa uzee. Akasema, mashine inasema naona, lakini jino linasema sikuona. Eti alimharibia mama mmoja rangi. Anasema hawezi kumharibia wa pili.” Yule dada akatazama chini. “Mimi ndiye niliyekuwa wa pili, mama. Zamu yangu ilikuwa leo.”

Halafu akainua uso, akayaona yale meno. Macho yake yakajaa tamaa ile ambayo mama aliijua vizuri sana.

“Lo! Wewe ulimuwahi,” alisema. “Una bahati.”

Sasa ngojeni. Nataka nisimame hapa kidogo kabla sijawaambia mama alifanya nini, kwa sababu nawaona wengine mnatikisa vichwa mkimsikitikia yule mama, kama vile hatumjui.

Tunamjua. Ni sisi.

Sisi tukimwona jirani amefunga dirisha, tunasema ametuficha kitu. Mhubiri akitulia, tunasema amenuna. Mke akichelewa sokoni, mume ameshamhukumu kabla sufuria haijafika jikoni. Mtu akitutendea wema tunauliza, anataka nini huyu? Na hatumuulizi yeye. Tunajiuliza sisi kwa sisi, halafu tunajijibu. Jiulize leo, wewe uliyekaa hapo: ile hila unayomdhania mwenzako, uliijulia wapi? Nani alikufundisha kwamba jora zuri hufichwa chini ya meza? Hatuwezi kumshuku mtu kwa wizi tusioujua. Turubai jekundu tumelitundika sisi wenyewe, halafu tunashangaa kila mtu anayepita chini yake ni mwekundu.

Lakini hilo silo linaloniumiza zaidi. Wizi wa kijino ni mdogo, na meno ni meno tu, yataoza siku moja kaburini, ya kauri na ya kahawia. Linaloniumiza ni yule mzee aliyeziba jicho moja dirishani. Mtu aliyekuwa anaona sawasawa, akaanza kutoyaamini macho yake. Mama aliiba kijino, na kijino kikaondoka na macho ya mtu. Ndivyo tunavyowafanyia watu wa kweli. Tunawashuku, tunawavuruga, tunachezea kazi yao gizani, mpaka wao wenyewe wanasema, kweli, labda mbaya ni mimi. Na yeye hakumshuku mama hata mara moja! Vijino viwili vilipotea ndani ya chumba alichomwacha peke yake, na mtu wa kwanza na wa mwisho aliyemshuku alikuwa yeye mwenyewe.

Kuna mtu amekaa nyumbani kwake asubuhi hii, ameweka vyombo chini kwa sababu yako. Labda ni mwalimu wa kwaya. Labda ni dada yako. Labda ni mtoto uliyemwita mwongo, naye alikuwa anasema kweli, sasa ameacha kusema kabisa. Na wewe una fundo kwenye pindo la nguo yako. Ukiinama kusali linagusa sakafu, unalisikia. Usiniambie hulisikii.

Utalifungua lini?

Yule mama alitoka pale kwenye benchi, hakupita sokoni. Aliuliza njia, akaambiwa daktari anakaa juu kule, nyuma ya shamba la migomba, nyumba yenye mlango wa kijani. Njia nzima alipanga maneno. Angeanza na habari ya binti, aeleze alivyochekwa utotoni, aeleze maji, aeleze harusi, aeleze jinsi ambavyo hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na maelezo mengi kama majora ya dukani. Aligonga. Mzee akafungua mwenyewe, amevaa fulana, mkononi ana jembe dogo la bustani, na akamkaribisha kwa jina lake kwa sauti ile ile ya upole. Maelezo yote yakamtoka.

Basi alivuta pindo la kitenge chake, kilekile cha njano na zambarau. Kwa mazoea mkono ulitaka kwenda mdomoni, akauzuia. Akafungua fundo kwa meno yale yale ya kauri, kwa sababu lilikuwa limekazana, kisha akanyoosha kiganja.

Mzee akakichukua kile kijino. Akakiinua kwenye nuru, akakitazama mara moja tu, akageuza uso akatazama mbingu, ambayo asubuhi ile ilikuwa buluu tupu, akarudi akakitazama mara moja tena.

“Cha nne,” alisema taratibu. “Lakini mama, mbona kama ninakiona vizuri?”

Na yule mama, akiwa amesimama pale mlangoni bila kuziba mdomo, akamjibu, “Macho yako ni mazima, daktari. Mwizi ni mimi.”